London haikumalizi kwenye birika la chai

Zimerudi tena zile nasaha za msimu wa baridi: chemsha maji ya kikombe kimoja tu, chomoa chaja, vaa sweta mbili ndani. Wanaozitoa huwa wamekaa studio yenye joto. Haya, tupige hesabu. Lita moja kwenye birika la umeme inakula kama uniti 0.11. Kwa bei za 2025, uniti ikiwa karibu peni 27, hizo ni peni 3. Lakini tozo ya kila siku, ile inayokatwa hata ukilala gizani, ilizidi peni 80 kwa umeme na gesi pamoja, kwa wastani wa kitaifa. Kabla hujawasha chochote umeshalipia lita 25 na ushei za maji ambayo hukuyachemsha. Wenye mita za kununua kabla, ndugu zake LUKU, wanaumia zaidi: salio likiisha, tozo inaendelea kujiandika deni. Ukirudi na pauni 10 baada ya wiki, upande wa umeme peke yake umeshameza karibu 4.

Basi tuache birika, tuongee pango, maana ndilo linalomaliza watu.

Mtego wa kwanza uko kwenye tangazo lenyewe. Chumba cha pauni 200 kwa wiki hakiwi 800 kwa mwezi. Zidisha 200 kwa wiki 52, gawa kwa miezi 12: 866.67. Hiyo 66 na senti zake ndiyo nauli ya mwezi ya mtu wa mabasi, imeyeyuka kwenye hesabu tu.

Halafu unakuja mchujo. Mawakala wengi huzidisha pango la mwezi kwa 30, na jibu ndilo kipato cha mwaka wanachotaka kukiona. Fleti ya 1,500 inadai mshahara wa 45,000. Sasa chukua kima cha chini kilichoanza Aprili 2025, pauni 12.21 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na zaidi. Anayepiga saa 40 kila wiki, bila kukosa hata moja, anapata kama 25,400 kabla ya makato. Gawa kwa 30: 846. Na wastani wa pango la watu binafsi London ulipita 2,200 mwaka huohuo! Yaani anayefagia ofisi za City, mtaa wa mabenki, alfajiri anaruhusiwa kuomba chumba, na choo akagombanie na wenzake wanne.

Ukifeli mchujo unaambiwa lete mdhamini. Yeye mara nyingi huzidishiwa kwa 36, yaani 54,000 kwa fleti ileile, na awe anaishi Uingereza. Mjomba mwenye maghorofa mawili Kariakoo hahesabiki. Njia ya pembeni ilikuwa kulipa miezi sita kwa mpigo, pauni 9,000 taslimu. Sheria ya haki za wapangaji ya 2025 imeiziba kuanzia Mei 1, 2026: hakuna kudai zaidi ya mwezi mmoja mbele, wala kupokea dau linalozidi bei iliyotangazwa. Nzuri, sikatai. Lakini wamefunga mlango wa uani bila kufungua wa mbele, maana mchujo wa mara 30 haukuguswa. Anayenufaika ni kampuni za kudhamini kwa ada, na ada yao hairudi.

Aliyepita bado ana bili ya kuingilia. Pesa ya kushikilia nyumba isizidi pango la wiki moja. Amana isizidi wiki tano, ilimradi pango la mwaka liko chini ya 50,000. Kwa fleti yetu hiyo ni 346.15 na 1,730.76. Ya kushikilia kwa kawaida hukatwa kwenye mwezi wa kwanza, kwa hiyo jumla ni 3,230.76, na godoro hujanunua. Usiongeze chumvi kwenye fomu ya mshahara: taarifa ya uongo ndiyo inayompa wakala haki ya kubaki na hiyo 346.15. Amana nayo iandikishwe kwenye mfuko ulioidhinishwa ndani ya siku 30. Isipoandikishwa, mahakama inaweza kumtoza mwenye nyumba hadi mara tatu yake. Watu hawaangalii. Angalia!

Kodi ya halmashauri ni kichekesho kingine. Mwaka 2025/26, nyumba ya daraja D (nyumba hupangwa madaraja kwa thamani) pale Westminster, kwa mabwanyenye, ilidaiwa pauni 1,000 na kidogo. Kingston, halmashauri nyingine ya London hiyohiyo, ikapita 2,400. Ukiishi peke yako dai punguzo la asilimia 25, maana hakuna atakayekukumbusha.

Mabasi, haya, nawapa haki yao: nauli ilifika 1.75 mwaka 2023 na hadi mwisho wa 2025 ilikuwa palepale, na ukipanda jingine ndani ya saa moja hulipi tena.

Na ukishaingia, pango litapandishwa. Kwa sheria mpya ni mara moja kwa mwaka, kwa notisi ya miezi miwili, na ukipinga, baraza linaloamua migogoro ya pango haliwezi kupanga zaidi ya alichoomba mwenye nyumba. Hivyo kwenda kupinga hakuwezi kukuongezea pango. Ila maombi yafike barazani kabla ya tarehe ya bei mpya kuanza. Ukilipa bei mpya kimyakimya, umeshaikubali.