Huku mjane anaandikwa kwenye chupa

Juzi nilikuwa supamaketi, foleni ndefu ya Desemba, na binti yangu wa miaka saba, ambaye siku hizi anasoma kila kitu mpaka bei ya vitunguu. Akasimama kwenye rafu ya shampeni, akaweka kidole kwenye lebo ya njano, akasoma: "Veuve." Kisha kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: "Mama, hapa wameandika mjane. Nani kafa?"

Miaka sita naishi Reims, hapa Ufaransa, nafua mashuka ya hoteli, chupa ile naipita kila wiki, na sikuwahi kujiuliza. Mjane Clicquot. Kwetu Marangu, Kilimanjaro, neno hilo unaliandika kwenye barua kwa mtendaji, ukiomba usamehewe mchango. Hulibandiki kwenye bidhaa ukategemea watu wanunue.

Aliyekufa ni François Clicquot, mwaka 1805. Biashara aliianzisha baba yake, Philippe, mwaka 1772. Mke, Barbe-Nicole Ponsardin, alibaki na miaka 27 na mtoto mmoja. Wa kike. Hapo simameni kidogo, maana kikao cha baada ya matanga mnakijua. Nani anakaa kwenye kochi, nani anaitwa kutoka jikoni aje aambiwe kilichokwisha kuamuliwa. Mama yangu aliitwa hivyo hivyo, mikono ina unga wa ulezi. Mpaka pipa lake la mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, likahesabiwa mali ya marehemu, pipa alilonunua mwenyewe kwa hela ya ndizi.

Barbe-Nicole alimwendea baba mkwe akamwambia anataka kuendesha biashara. Mzee akakubali, akatia na fedha zake. Mwaka 1814, vita vya Napoleon vikielekea ukingoni, mama huyo akapakia melini chupa zaidi ya 10,000 za soko la Urusi, washindani wake bado wanasubiri amani itangazwe.

Ila mimi, mtoto wa muuza mbege, kilichonishika ni machicha. Shampeni huchachuka mara mbili. Mara ya pili ni ndani ya chupa yenyewe: wanatia sukari na chachu, wanaziba, gesi inakosa pa kutokea mpaka mgandamizo unapita wa tairi la gari karibu mara tatu. Chachu ikifa inaacha machicha, kinywaji kinakuwa na ukungu. Sisi hatuna shida na hilo, kata inapita, ulezi unakubaki mdomoni, maisha yanaendelea. Wateja wa mjane walitaka kitu cheupe kama maji ya mtoni asubuhi. Kwa hiyo kufikia mwaka 1816 hivi, yeye na watu wake wa ghalani wakawa wanatoboa meza matundu, wanachomeka chupa shingo chini, na kuzizungusha kidogo kidogo hadi machicha yote yakusanyike kwenye kizibo. Ukizibua, yanaruka yenyewe.

Nimeona kwa macho. Mwaka jana tulipelekwa na wenzangu wa kazini kwenye mapango ya chokaa chini ya mji, mwezi wa saba, na bado nilitetemeka ndani ya koti. Mzee mmoja alikuwa anatuonyesha: mikono miwili, chupa mbili kwa mpigo, tak, tak, anazungusha huku anaongea na sisi, hazitazami. Siku hizi kazi kubwa inafanywa na mashine, alisema, lakini mkono haujasahau. Nikamkumbuka mama anavyopima kimea kwa vidole, bila saa, bila kipimo chochote.

Najua mtakayoandika hapo chini. "Dada kaonja Ulaya, anatufundisha ukoo." Mimi nafua mashuka, jamani, sijawa balozi. "Baba yake alikuwa tajiri." Kweli, alikuwa na biashara ya nguo na baadaye akawa meya wa Reims. "Hata kwetu wapo wajane wenye mali." Wapo, na mnajua wanavyosemwa.

Na msidhani nawapamba Wafaransa. Wakati ule mke alikuwa chini ya mumewe kisheria, mjane ndiye aliyeweza kusaini mikataba kwa jina lake. Yaani mume afe kwanza. Mke wa Kifaransa ameruhusiwa kufungua akaunti ya benki bila idhini ya mume mwaka 1965, juzi tu! Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 ilimpa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake, tulikuwa nyuma yao miaka sita tu, na nimewatupia hilo kantini wakanyamaza. Nilijisikia vizuri siku nzima. Halafu usiku nikakumbuka ile amri ya sheria za mila ya 1963, inayosema mjane hana fungu kama marehemu ameacha jamaa wa ukoo. Ya 1971 imeshindwa nini kupanda mlima, wakati ya 1963 inazijua njia zote mpaka za migombani?

Wala hakuwa peke yake. Louise Pommery, mjane mwingine wa hapa hapa Reims, mwaka 1874 alitoa shampeni isiyo tamu wakati wote wanapenda sukari. Majina yao yako kwenye mageti.

Jumapili nilimpigia mama nikamsimulia yote, dakika arobaini, pamoja na machicha. Akauliza swali moja: "Huyo mama alikuwa na mashemeji wangapi?"

Hakuwa na hata mmoja. François alikuwa mtoto pekee wa kiume.

Mama akanyamaza, nikasikia mwiko unagonga sufuria. "Ungeanzia hapo, mwanangu," akasema, "usingenimalizia chaji."