Huggy Wuggy ni wa nani?

Oktoba 2021, studio ndogo ya Kimarekani, Mob Entertainment ya ndugu wawili Zach na Seth Belanger, ilitoa sura ya kwanza ya gemu ya kutisha iitwayo Poppy Playtime. Unaingia kwenye kiwanda cha wanasesere ambacho wafanyakazi wake walitoweka miaka kumi nyuma. Silaha huna. Mgongoni umebeba GrabPack, kifaa chenye mikono miwili mirefu ya kuvutia vitu na kupitishia umeme.

Ukumbini amesimama Huggy Wuggy: mrefu, manyoya ya buluu, midomo minene myekundu, tabasamu pana. Unachukua ufunguo mkononi mwake, unakwenda kurudisha umeme, ukirudi hayupo. Hakuna kelele wala damu, na ndipo moyo unapoanza kwenda mbio. Baadaye anakukimbiza ndani ya mabomba ya hewa, safari hii ameachama na meno yote yako nje. Kwa studio changa, huo ni ufundi wa hali ya juu, na wanaoiita gemu hii takataka hawaitendei haki.

Malalamiko mazito ni ya wazazi. Mwaka 2022 baadhi ya shule na polisi nchini Uingereza na Marekani walitoa tahadhari kwamba Huggy anawaimbia watoto nyimbo za kuua. Kumbe wimbo wenyewe ulitungwa na mwanamuziki asiye wa studio hiyo, na kwenye gemu haumo. Mashabiki walikuwa na haki ya kukasirika.

Lakini hapo ndipo watetezi wanapojipa ushindi mapema. Wanasema hofu ni sehemu ya utoto, na watoto wamesimuliwa habari za mazimwi tangu enzi na enzi. Ni kweli. Ila bibi anayesimulia zimwi anauona uso wa mjukuu, na akiona machozi yanamlengalenga anajua pa kuishia. Mtoto wa miaka sita aliyeachiwa simu hana wa kumkatizia. Video moja ya Huggy ikiisha, nyingine inaanza yenyewe, na wengi wa rika lake wamemjua Huggy kwa njia hiyo bila kuicheza gemu hata mara moja.

Jibu la "wazazi wasimamie" lingenitosha kama studio ingebaki kuuza gemu tu. Haikubaki hapo. Huggy anauzwa akiwa mwanasesere laini wa kukumbatiwa, na nakala zake za bandia zimejaa masokoni duniani. Halafu sura ya tatu, iliyotoka Januari 2024, ikaweka wazi kiini cha hadithi: wengi wa wanasesere hawa walio hai walitokana na yatima waliofanyiwa majaribio kiwandani. Hadithi hiyo ni nzito na imesimuliwa vizuri, nami naiheshimu, lakini ni ya mtu anayeweza kuubeba ukatili wa namna hiyo. Huwezi kumwandikia kijana mkubwa mkasa huo, kisha mhusika wake ukamtandaza kwenye rafu anazozifikia mdogo wake.

Kwa hiyo gemu yenyewe naitetea, na sitaki ipunguzwe makali hata kidogo. Lawama yangu iko kwenye biashara inayoizunguka. Umri wa mlengwa uandikwe kwa herufi kubwa kwenye kifurushi cha mwanasesere, pale pale jina la Huggy lilipo, na muuzaji amwambie mzazi kabla hajatoa pesa kwamba kiumbe huyu ametoka kwenye gemu ya kutisha.