Akili za marais na namba zisizopimwa

Mwaka 2001 ilisambaa orodha iliyodai kuwa taasisi iitwayo Lovenstein imekadiria akili za marais 12 wa Marekani, kuanzia Franklin Roosevelt hadi George W. Bush. Bill Clinton alipewa IQ, yaani alama ya kipimo cha akili, ya 182, Bush 91. Gazeti la The Guardian la Uingereza nalo liliichapa, kisha likalazimika kusahihisha, maana taasisi hiyo haikuwepo.

Inasikitisha, kwa sababu hesabu za sekondari zilitosha kuitilia shaka. Vipimo vya akili hupangwa ili wastani uwe 100 na mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho alama hutawanyika kutoka kwenye wastani, uwe 15. Alama 182 imeuacha wastani kwa zaidi ya mikengeuko mitano: mtu mmoja katika milioni 40 na ushei. Kipimo gani kimefanyiwa majaribio kwa umati wa namna hiyo? Tena orodha ililinganisha wastani wa vyama viwili, Democratic na Republican, ilhali kila kimoja kilikuwa na marais sita tu. Kwa watu sita, mmoja akikosewa kwa alama 30, wastani wa chama kizima unahama kwa alama tano.

Hata hivyo, uzushi huo usitufanye tuutupe utafiti wa kweli. Mwaka 2006 mwanasaikolojia Dean Keith Simonton alichapisha makadirio ya marais 42. Hakumpima yeyote. Alitumia tathmini za haiba zao pamoja na makadirio ya mwaka 1926 ya mwanasaikolojia Catharine Cox kuhusu akili za watu mashuhuri wa kihistoria, na palipokuwa na pengo akalijaza kwa njia za kitakwimu. John Quincy Adams alishika nafasi ya juu, na kwa ujumla waliokadiriwa kuwa na akili zaidi ndio wanahistoria waliowaona viongozi bora zaidi. Nguvu ya kazi hii ni kwamba njia yake iko wazi, na anayeipinga anaweza kuirudia hatua kwa hatua.

Mimi nasita kwenye malighafi. Cox alitegemea kumbukumbu za utoto na ujana, na zilipokuwa haba, alama zilishuka kuelekea wastani. Mwanasayansi Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, aliambulia 105 kwa makadirio ya utotoni. Hapo kilichopimwa ni wingi wa karatasi zilizohifadhiwa, na Cox mwenyewe aliliona tatizo hilo akajaribu kulirekebisha. Kuna jingine zito zaidi: wanaomtathmini Rais Abraham Lincoln leo wanajua tayari alichofanya. Sifa yake inaingia kwenye makadirio ya akili, kisha inaingia tena kwenye makadirio ya uongozi, halafu tunashangaa namba mbili zikienda pamoja.

Kwa hiyo nakubali makadirio haya yatumike kuuliza maswali kuhusu kundi kubwa la viongozi. Kuyatumia kusema rais fulani alimzidi mwenzake kwa alama nne, hapana.

Na hata pale viongozi walipopimwa kweli, swali halikuisha. Huko Nuremberg, Ujerumani, kwenye kesi za baada ya Vita Kuu ya Pili, mwanasaikolojia Gustave Gilbert aliwapa wakuu wa utawala wa Hitler kipimo halisi wakiwa gerezani. Hjalmar Schacht alipata 143, Hermann Göring 138, na Julius Streicher, aliyekuwa wa mwisho, 106. Hakuna aliyekuwa chini ya wastani. Anayetaka IQ iwe kigezo cha kuchagua kiongozi inabidi aanze kwa kueleza alama hizo.