Wati 230 Msibani

Mimi ni Mpare, na kwa wasiotujua, Mpare hanunui kitu mpaka aulize bei maduka 9, kisha arudi la kwanza kuomba apunguziwe. Laptopu yangu ya kwanza niliinunua hivyo hivyo. Niliitafuta ya bei ya chini kuliko zote Kariakoo, nikaipata, nikamkamua muuzaji elfu 20 nyingine, nikatoka dukani natembea kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

Ilikuwa na chipu ya Celeron, ile ya bei ya chini, RAM 4GB na hifadhi ya 64GB. Nina steshenari yangu Mbagala, na asubuhi nikishabonyeza batani ya kuwasha nilikuwa naenda kwa mama lishe, naagiza chapati, nakunywa chai, nagombania chenji, narudi naikuta bado inazungusha vidoti. Ubaya wa hizi za 64GB ni kwamba Windows inaingia humo kama mgeni aliyesema anapita kusalimia, kumbe kaja na magodoro. Siku ya kujisasisha inadai nafasi, na aliyeijaza nafasi ni yeye mwenyewe. Nilifuta picha za harusi yangu ili ipumue. Ikajisasisha saa 3 nzima, ikazima, ikawaka, ikasema haina nafasi. Mama watoto hadi leo anaziulizia zile picha, na mimi hadi leo nazitafuta.

Zamu yangu ya kupokea kikoba ilipofika, nikaapa kwamba safari hii sinunui rahisi. Nikaenda kwa fundi wangu, kijana mmoja ana meza yake kwenye korido ya ghorofa moja pale Kariakoo, mtu wa maneno machache.

"Kaka, unafanyia nini?"

"Nachapa."

"Unachapa nini?"

"Barua za kazi, mihtasari ya vikao, kadi za harusi, historia za marehemu."

Akavuta droo, akatoa mtumba wa ofisini: chipu ya Core i5 ya kizazi cha 8, RAM 8GB, SSD ya 256GB, laki 6 na nusu. "RAM ni meza, SSD ni stoo," akasema. "Wewe ulikuwa unapika pilau la watu 200 juu ya stuli. Hii inakutosha miaka mingi, na meza ikikubana tunaongeza. Ile yako RAM ilikuwa imegandishwa kwenye bodi, haiongezeki hata kwa maombi."

Maneno ya mtu mwenye akili. Lakini nikaigeuza, nikaona mgongoni ina kibandiko cha namba ya mali ya ofisi fulani, na herufi A kwenye kibodi imefutika kwa kazi. Moyo ukaniambia: mtu mzima kama wewe, una kikoba kizima mfukoni, utembee na mali ya ofisi ya watu? Nikamwambia fundi narudi sasa hivi. Nasikia bado ananisubiri.

Duka la tatu kutoka pale kulikuwa na kioo, kiyoyozi na kijana aliyevaa miwani isiyo na lenzi. Juu ya meza ilikaa mashine nyeusi yenye mistari myekundu, imetanuka kama pikipiki ya mashindano. Akaifungua. Kibodi ikawaka nyekundu, ikawa bluu, ikawa kijani, rangi zikawa zinakimbizana toka Q hadi P.

"Bosi wangu, nyingine zinawaka. Hii inapaa."

Akanieleza kwamba ina kadi ya picha ya RTX na kwamba skrini yake inajichora upya mara 144 kwa sekunde. Leo ningemuuliza: mteja wangu anaandika barua ya kuomba kazi na jibu atalisubiri miaka 3, sekunde moja hiyo ya nini? Siku ile nikatikisa kichwa kama mjuzi.

"Gemu zote inakula."

"Mimi sichezi gemu."

"Ndiyo maana kwako itadumu."

Nilitafuta kasoro katika hoja hiyo nikaikosa. Ilikuwa milioni 3 na laki 1, nikaivuta hadi milioni 2 na laki 9 na nusu, kikoba chote na akiba ya ada juu yake. Aliponipa chaja nikadhani kanizawadia tofali. Imeandikwa wati 230. Nyumbani nikamwambia mama watoto ni ya bei ya kati. Kati ya nini na nini, hakuuliza, nami si mtu wa kujibu nisiloulizwa.

Majuma mawili nilikuwa mfalme wa Mbagala. Watoto wa shule walijazana mlangoni kuangalia kibodi. Barua ya kumjulisha mjumbe kuhusu mtaro ulioziba niliichapa kwa mashine inayoweza kuchora vita ya majoka, na nikihifadhi faili feni zinavuma kama ndege inayotaka kuruka.

Ndipo ikaja simu kutoka mlimani Same: baba mkubwa ametutoka. Alikuwa amepita miaka 90, amekula chumvi yote ya wilaya, kwa hiyo huzuni ilikuwepo lakini na shukrani zilikuwepo. Katika kundi la ukoo kwenye WhatsApp kazi zikagawanywa. Ng'ombe, fulani. Maturubai, fulani. Historia ya marehemu na picha za kuonyesha kwenye projekta, mimi, maana ndiye mtu wa kompyuta. Kisha ikaja orodha ya rambirambi, nikaandika hivi, nayakumbuka neno kwa neno: "Ndugu zangu, biashara imekuwa ngumu sana kipindi hiki, naomba mpokee hii 20,000, Mungu atafungua milango."

Mungu anasikia, na ana ucheshi wake.

Tulishuka Same jioni, tukapanda gari la mlimani, tofali la chaja limenilalia mapajani kama mtoto. Ilikuwa Juni. Mtu wa Dar hajui baridi mpaka alale Upareni mwezi wa sita. Na umeme ulikuwa umekatika tangu alasiri, upepo umeangusha mti juu ya nyaya. Uani walikuwa wamekodi kijenereta kidogo kile cha kubeba kwa mkono mmoja, cha wati 650, wamekitunza kwa ajili ya ibada ya kesho. Usiku ule tukakesha kwa chemli na tochi za simu.

Nikakaa na wazee ndani nichape historia. Mzee mmoja anasema marehemu alizaliwa mwaka wa nzige, mwingine anasema hapana, nzige walikuja marehemu anachunga mbuzi tayari. Wanabishana, mimi nafuta na kuandika, betri inashuka kama maji kwenye ungo. Saa ya kwanza haijaisha imebaki robo. Nikaizima, nikaomba kijenereta kiwashwe dakika 40 tu niongeze chaji, kwa heshima ya marehemu. Wakakubali kwa shingo upande.

Kikawashwa uani, mashine ikawashwa ndani, kibodi ikaanza kukimbiza rangi zake kwenye kuta za chumba cha msiba, nyekundu, bluu, kijani, na kule pembeni akina mama wanaimba pambio la huzuni. Ilionekana kama disko la watu waliofiwa. Kuzima zile taa nilikuwa sijui. Nikazifunika kwa kitambaa cha mezani, feni zikakosa pumzi, zikapandisha mlio.

"Mwanangu," akasema mzee wa nzige, "jenereta si liko nje? Na hili la ndani ni la nini?"

Aliyenitetea ni shangazi, yule mdogo wa marehemu, bibi wa miaka 80 na kitu. Alikuwa ameketi kushoto kwangu, na kushoto ndiko joto linakotokea. Nikamwona anasogeza kigoda, kisha anatoa mikono ndani ya khanga na kuiweka mbele ya kitundu, kama mtu anayeota moto. "Mwacheni mtoto," akasema. "Kifaa kizuri hiki."

Jambo moja la busara lilifanyika usiku ule, na sikulifanya mimi. Binamu yangu, mwalimu wa shule ya msingi kule kule mlimani, alikuja na flashi. "Nipe nakala, kaka, tahadhari tu." Akaiingiza kwenye laptopu yake. Nikaitazama: Celeron, RAM 4GB, ndugu wa damu wa ile niliyoitupa. Chipu yake inakula wati 6, haina hata feni, inakaa kimya kama mkwe. Nikamwonea huruma.

Asubuhi watu wakajaa uwanjani. Kijenereta kinawasha spika na projekta. Nami nimejiweka mezani kando ya jeneza, shati jeupe, mashine imefungwa, tofali limechomekwa. Mchungaji akasema, "Tuinamishe vichwa tuombe." Uwanja ukanyamaza hata kuku. Nikaona ndiyo nafasi yangu ya kuiwasha kimya kimya, wakisema amina niwe tayari.

Sasa, yako mambo muuzaji hakunieleza, na dukani kwangu kelele za bodaboda zilikuwa zinayafunika. Mashine ile ikiamka inapiga mlio wa upanga unaochomolewa alani. Sauti ya Windows nilikuwa nimekwisha izima tangu usiku, lakini mlio ule hautoki kwenye Windows. Unatoka ndani zaidi, kabla Windows haijafumbua macho.

SHWIIING!

Mchungaji alikuwa amefika kwenye "utulinde na maadui zetu". Akafumbua jicho moja. Mbebaji jeneza mmoja akarudi nyuma hatua 2 na kumkanyaga mwenzake. Na pale pale tofali langu likaanza kudai haki yake. Fanya hesabu mwenyewe: projekta inakula karibu 300, spika 150, na mimi nimeleta 230 juu ya kijenereta cha 650 kilichochoka. Kikakohoa. Kikakohoa tena, kama mzee anayetaka kusema neno. Kikanyamaza. Maombi yakakatika katikati, projekta ikafa, na uwanja mzima ukawa na kitu kimoja tu kinachowaka, kinanguruma na kubadilisha rangi.

"Soma tu hivyo hivyo," kamati ikaninong'oneza.

Nikainyanyua mikononi kama Biblia kubwa, feni zinapuliza joto kifuani, rangi zinanipita usoni, nikasoma kwa sauti. Kuzaliwa kwake, nikapita haraka kwa sababu ya nzige. Shule. Ndoa. Ile chaji ya usiku nilikuwa nimeimalizia kwa wazee. Nikafika, "Mwaka 1974, wakati wa vijiji, marehemu alihamia..." Skrini ikawa nyeusi.

Baba mkubwa akabaki njiani mwaka 1974 na mizigo yake.

Kimya kilikuwa kirefu. Kisha nikasikia nyuma yangu sauti ya binamu, taratibu, ya kimwalimu: "...alihamia kijiji cha jirani pamoja na familia yake." Amesimama na ile laptopu yake ya wati 6, imeshikwa kwa mkono mmoja kama daftari, asilimia 80 ya chaji, haivumi, haiwaki rangi. Akasoma hadi mwisho, hadi wajukuu na vitukuu kwa idadi. Watu wakafuta machozi.

Ningeponea hapo. Lakini baada ya mazishi tumekaa kwenye turubai tunakula makande, akapita mtoto wa dada yangu, anasoma chuo, kijana wa gemu. Akaiona mezani. Macho yakamtoka.

"Anko! Hii si ile ya milioni 3? Yenye RTX? Umeinunua lini?"

Vijiko vikasimama. Kuna watu wanasema Wapare tunapenda kesi; hapana, sisi tunapenda ushahidi. Mweka hazina wa kamati, mtu niliyesoma naye darasa moja, akaweka sahani yake chini, akajipapasa kwapani, akatoa daftari la rambirambi. Akalamba kidole, akafunua, akalisoma jina langu, akaisoma ile 20,000, kisha akaisoma na ile sentensi ya milango.

Mama watoto alikuwa upande wa pili. Hakusema lolote. Aliniangalia tu, akaniambia kwa sauti ya chini sana, "Kati ya nini na nini?"

Kikao cha ukoo kikafunguliwa upya pale pale, agenda moja. Wapo waliotaka nilipe ng'ombe, wapo waliotaka maturubai. Nikaikunja mashine niiondoe kwenye macho ya watu, nikasikia nashikwa mkono. Shangazi.

"Umeme ukirudi iwashe tena, mwanangu," akasema. "Usiku utakuwa na baridi."

Nikashuka mlimani siku ya tatu na begi jepesi. Mashine imebaki kwa shangazi mpaka nimalize kulipa ng'ombe. Nasikia anaiwasha kila jioni, anaweka mikono, na ule upanga majirani wameshauzoea.