Usiku Niliogombana na Herufi R

Daktari tarajali ni mtu aliyetoka chuoni juzi, ana koti jeupe ambalo pasi bado inaonekana, na anajua kila kitu. Mimi nilijua kila kitu kwa miezi minne hivi. Ujuzi huo uliniishia usiku mmoja, saa nane kasoro, katika hospitali ambayo nitaistahi kwa kutoitaja.

Aliingia fundi cherehani, miaka thelathini na kitu, amejikunja kama anatafuta sindano sakafuni. Nyuma yake mkewe, kashika mfuko wa dawa. Zahanati ya kwanza ilisema malaria. Ya pili ikasema UTI. Duka la dawa likaona lisimuudhi mtu, likampa za vyote viwili, na za vidonda vya tumbo juu yake kama nyongeza ya dagaa.

"Kaka, maumivu yalianzia wapi?"

"Hapa kitovuni, dokta. Jana asubuhi. Halafu yakateremka huku." Akashika chini, kushoto.

Ametapika, chakula hakitaki hata kukiona, mwili wa moto. Hadithi hii tunaimbishwa chuoni hadi tunaiota: yaanze kitovuni, yashuke chini kulia, homa, kutapika, basi ni kidole tumbo. Charles McBurney wa New York alionyesha mwaka 1889 hadi mahali pa kubonyeza: toka kwenye ncha ya nyonga ya kulia kuelekea kitovuni, theluthi ya njia. Fundi alikuwa ameisimulia hadithi yote bila kukosea, isipokuwa neno la mwisho. Na mimi kwa neno hilo moja nikaitupa yote.

"Una jiwe kwenye figo," nikamwambia.

Mkojo ukapimwa. Msafi kama maji ya mvua. Nikasema jiwe limejificha.

Nikambonyeza tumbo upande wa kulia, kutimiza wajibu tu. Akaruka, akashika kushoto.

"Kaka, mimi nimebonyeza huku."

"Lakini inauma kule, dokta."

Hapo ningestuka. Kuna ishara ya Mdenmaki mmoja, Rovsing, ya tangu 1907: ukibonyeza kushoto mgonjwa akaumia kulia, shuku kidole tumbo. Nilikuwa naiona mbele ya macho yangu, imegeuzwa tu. Nikaandika kwenye faili: mgonjwa hajui kueleza.

Nikamwekea stetoskopu kifuani, kushoto, mahali moyo ulipo kwa kila kiumbe niliyewahi kumpima. Ulisikika kwa mbali, kama redio ya jirani. Nikaipiga ile stetoskopu viganjani, nikailaumu, nikaagiza kipimo cha umeme wa moyo. Karatasi ikatoka na mstari wa kwanza umepinduka chini juu. Nikafurahi, maana hiyo naijua: nyaya za mikono zimebadilishwa.

"Sista, umefunga wa kulia kushoto."

Sista akaniangalia juu ya miwani. "Dokta mwanangu, nyaya hizi nazifunga tangu wewe unanyonya."

Akarudia, mimi nimemsimamia kama mkaguzi. Karatasi ikatoka vilevile. Lau ningeangalia mistari ya chini, ile ya kifuani, ningeona mawimbi yanazidi kufifia kadiri yanavyokwenda kushoto. Nyaya za mikono hazina uwezo huo. Lakini mistari ya chini husomwa na mtu mwenye shaka, na mimi sikuwa nayo.

Nikaagiza eksirei ya kifua, nione kama kuna hewa chini ya kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo. Filamu ikaja. Nikaipachika kwenye taa: moyo umeelekea kulia. Nikaigeuza, moyo ukakaa sawa, nikampigia simu mzee wa eksirei kumweleza kwamba uchovu ni kitu cha kawaida, ila filamu zisigeuzwe. Akaja mwenyewe na kandambili zake. Hakunijibu. Aliweka kidole kwenye pembe ya filamu, kwenye ile herufi ya risasi inayowekwa kuonyesha upande wa kulia.

"Dokta, hii R inatazama wapi?"

R ilikuwa imegeuka nyuma mbele.

"Au mwaka huu mnasoma Kirusi?"

Akaipindua filamu. R ikasimama vizuri, na moyo ukarudi kulia, na chini yake kiputo cha hewa ya tumbo, nacho kulia. Nikabaki nakiangalia.

Ndipo mke wa fundi, aliyekuwa kimya muda wote huo, akasema, "Kwani mnatafuta moyo? Moyo wake uko huku. Mimi nikilalia upande ule mwingine sisikii kitu."

"Na hukuwahi kumwambia mtu?"

"Nilidhani ndivyo wanaume walivyo."

Fundi, na maumivu yake yote, akatabasamu. Ushahidi wa aina hiyo waume wachache huupata, tena mbele ya daktari na sista.

Nikampigia bingwa wa upasuaji. Alipofika alimpima kwa ultrasaundi: ini kushoto, wengu kulia, na chini kushoto kidole tumbo kimevimba, kimebakiza kidogo tu kipasuke. Watu wa namna hii hukadiriwa mmoja kati ya 10,000 hivi, viungo vyote vimehama upande, na wengi wanaishi na kuzeeka bila habari. "Matthew Baillie aliwaeleza watu wa London jambo hili mwaka 1788," bingwa akasema, huku ananawa mikono. "Wewe hadi leo unagombana na sista."

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri, ukiacha kwamba mimi msaidizi nilisimama upande wa mazoea mara mbili, na mara mbili nikasukumwa kwa kiwiko. Mkato ulipita kushoto, McBurney kwenye kioo.

Asubuhi ya pili nilikwenda kumweleza fundi. Nilijiandaa kwa michoro. Nikachora mwili, moyo, ini, mishale. Akanikatiza.

"Yaani kitambaa kile kile, paterni ile ile, ila imelazwa kinyume."

"Hasa."

"Hakuna kilichopungua?"

"Hakuna."

Akatulia. Akatazama vifungo vya shati lake la wodini, kisha mlango, kama mkewe yuko karibu.

"Dokta, mashati ya kiume vifungo hukaa kulia. Ya kike, kushoto." Akashusha sauti. "Sasa mimi huyu nilishonwa kwa kipimo cha nani?"