Alama za sayansi: Marekani hawasahau, nyumbani hawasubiri

Huku Marekani alama ya sayansi haifutiki. Vijana wetu wanaotaka kusomea PA (physician assistant) wanakuja kulijua hilo wakiwa wameshachelewa, na linaniuma, kwa sababu wengi wao ni vichwa kweli kweli.

Kwa asiyejua, PA anapima mgonjwa, anaandika dawa, anaingia chumba cha upasuaji kumsaidia daktari. Kazi hii ilianzia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965, na wanafunzi wa kwanza walikuwa watu waliotoa huduma za tiba katika jeshi la majini. Kwetu Tanzania anayemkaribia ni tabibu. Ukiwa na D na kuendelea katika masomo manne ya kidato cha nne, Kemia, Biolojia na Fizikia zikiwemo, unaomba diploma ya utabibu. Miaka mitatu baadaye uko zahanati unatibu watu. Ila matokeo yakitoka yametoka. Mtoto aliyeamka na malaria asubuhi ya mtihani wa Kemia anaweza kuona ndoto yake inaishia hapo, hata kama darasani alikuwa hashikiki.

Huku mtihani mmoja hauna ubavu huo. Maombi ya vyuo vingi vya PA yanapita kwenye mfumo mmoja uitwao CASPA, nao unakusanya kila kozi uliyosoma katika vyuo vya hapa, kisha unapiga hesabu upya: GPA (wastani wa alama, A ikiwa 4 na C ikiwa 2) ya jumla, na GPA ya sayansi peke yake. Hisabati haimo kwenye sayansi, kwa hiyo usitegemee ikubebe. Utapimwa kwa anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia, kemia na wenzao. Vyuo vingi vinaandika 3.0 kuwa kiwango cha chini, lakini wanaopokelewa kwa kawaida wako kwenye 3.5 na kitu.

Sasa tazama habari ya kurudia somo. Kwenye vyuo vingi vya nyumbani ukipata sapu, yaani mtihani wa marudio, ukafaulu, unaandikiwa C, mambo yanaisha. Huku ukirudia unaweza kupata A, na chuo chako kikaifuta C ya kwanza kwenye hesabu zake. CASPA haifuti. Mikrobiolojia ya krediti 4 (krediti ni uzito wa somo) uliyopata C, ukairudia ukapata A, kwao ni krediti 8 zenye wastani wa 3.0. Mwenye krediti 60 za sayansi na GPA ya 2.8 anahitaji krediti 12 za A tupu ili afike 3.0. Akitaka 3.3, ni krediti kama 43 za A tupu. Hiyo ni zaidi ya mwaka mzima wa masomo, na ada juu.

Namfahamu kijana wa Mbeya hapa Houston, anafanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, kwenye nyumba ya wazee. Anapiga dabo, shifti mbili mfululizo, Jumamosi na Jumapili, Jumatatu saa mbili asubuhi yuko maabara ya kemia macho mekundu. Vyuo vya PA vinataka saa za kuhudumia wagonjwa, vingine 1,000, vingine 2,000, na saa anazo za kumwaga. Kugeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, kumlisha aliyepooza, yote anayaweza. Alichokosa ni usingizi, na kukosa usingizi kumemletea C mbili zitakazomfuata kila atakapoomba.

Bado nasema utaratibu wa huku una haki kuliko wetu, kwa sababu mlango haufungwi ukiwa na miaka 17. Unaweza kurudi darasani ukiwa na watoto watatu na ukapokelewa. Ninachokipinga ni kuipa C ya mtu aliyefika juzi, bado anahangaika na Kiingereza cha mwalimu, uzito uleule wa A aliyoipata baada ya kuzoea. Vipo vyuo vinavyoangalia krediti 60 za mwisho, na hivyo ndivyo ningemshauri yeyote aanze navyo.

Kwa aliyeko darasani sasa: usichukue kemia na anatomia muhula mmoja huku unabeba boksi usiku. Ukiona somo linakuelemea, jitoe kabla ya tarehe ya mwisho. W, alama ya kujitoa, haiingii kwenye GPA, C inaingia.

Na ninyi wazazi na ndugu mnaosubiri hela ya mwezi, mtoto akiwaambia muhula huu anapunguza shifti, msimwone amebadilika. Mpeni hiyo miezi minne.