Ujumbe wa LUKU utuambie zaidi ya tarakimu 20

Ukinunua umeme wa elfu kumi, simu inakuletea tarakimu 20, idadi ya uniti na makato ya kodi, basi. Hakuna neno kuhusu ulichotumia mwezi uliopita, wala nyumba zinazofanana na yako zimetumia kiasi gani. Naona hapo tunaacha fursa kubwa ipite.

Mwaka 2007, mwanasaikolojia Wesley Schultz na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya San Marcos, California. Kaya karibu 300 zilitundikiwa mlangoni karatasi yenye matumizi yao ya umeme na wastani wa majirani. Waliozidi wastani wakapunguza. Waliokuwa chini, wengi wakaongeza! Walipochorewa na kauso kanakotabasamu, ishara ya kuwapongeza, wakabaki kule chini. Kampuni ya Opower ililieneza wazo hilo Marekani, na mchumi Hunt Allcott alipopima matokeo akakuta matumizi yameshuka kwa wastani wa asilimia 2. Ni kidogo, lakini kimepatikana bila kupandisha bei wala kumkatia mtu umeme.

Sisi tuna mwanzo mzuri kuliko wao, kwa sababu anayelipa kabla huziona uniti zikipungua. Cape Town, wateja waliohamishiwa mita za kulipia kabla walipunguza matumizi kwa takriban asilimia 14.

Kuna pia ile ngazi ya uniti 75. Mteja wa matumizi madogo hutozwa Sh100 kwa uniti kabla ya kodi, akivuka 75 kwa mwezi kila uniti ya ziada ni Sh350. Wangapi wanajua wamefika wapi tarehe 20 ya mwezi? Mstari mmoja tu, "umeshanunua uniti 62 kati ya 75", ungemfanya mama wa nyumbani aahirishe kupiga pasi rundo la nguo. Na huyo anayeishi na taa mbili na redio asihimizwe kubana zaidi, apongezwe, aachwe.

Linaloniumiza zaidi ni nyumba za kupanga. Wapangaji sita, mita moja, kila chumba kinachangia sawa: mwenye friji na hita ya maji, na mwenye taa moja. Anayezima feni akitoka hapati chochote, akiba yake inaishia kwenye friji ya mwenzake. Mwisho naye anaiacha inazunguka, na simlaumu. Halafu kaya hizo sita, zote za kipato cha chini, zikijumlishwa zinavuka uniti 75 na kulipia bei ya juu. Hapo ujumbe wa simu hautafua dafu. Kwanza kila chumba kiwe na mita yake ndogo, na nadhani serikali za mitaa zingeanza kuwabana wenye nyumba kwa hilo kabla hata ya kutunga ujumbe wowote.